Halleluya ya Jumapili na Daftari la Jumatatu



Jumapili tuliabudu. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Tangu mama zetu walipoanza kuimba hadi tulipofunga ibada, bati lilikuwa linatetemeka juu ya vichwa vyetu na hakuna aliyetazama saa. Vijana walipiga ngoma na kinanda mpaka mashati yakalowa. Mimi niliyekuwa nimeandaa mahubiri ya kurasa sita nilihubiri nusu ukurasa, nikapiga magoti kama wengine, nikalia. Tulitoka saa nane mchana. Picha mmeziona, na wengine mmeziweka kwenye status. Utukufu kwa Bwana.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Jumatatu ilifika.

Jumatatu asubuhi mke wangu alinituma mkate na maziwa. Nikaingia duka moja hapa Kinondo. Sitalitaja, nanyi msianze kubahatisha, maana nililoliona humo liko katika maduka mengi kutoka Galu hadi Gazi. Mwenye duka ni mama Mdigo, Mwislamu, mtu mzima wa umri wa mama yangu mzazi. Akanipokea vizuri kama siku zote, akauliza habari za watoto, akanifungia mkate. Kisha akainama, akatoa daftari chini ya meza, lile nene, ncha zimejikunja kwa mafuta ya kupima.

"Pasta mwanangu," akaniambia, "nisomee hapa. Macho yangu siku hizi yamechoka."

Nikasoma. Unga pakiti moja. Sukari robo. Mafuta ya shilingi 50. Mchele kilo 2. Sabuni kipande. Unga tena. Kando ya kila mstari jina, kando ya jina tarehe, na tarehe nyingine zilikuwa za mwaka jana. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaelewa kwamba mama huyu anaona sawasawa kabisa. Alitaka nisome kwa mdomo wangu mwenyewe.

Majina niliyoyatambua yalikuwa 11. Kati ya hao, 9 walikuwa ibadani Jumapili. Wawili walikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi.

Hakunitukana. Hakutukana dini yetu. Alifunga daftari lake akasema: "Jumapili nawasikia, spika zenu zinafika mpaka hapa. Mwaimba vizuri. Nikiisikia sauti ya fulani nafurahi, najua yu mzima, maana dukani siku hizi hapiti."

Nililipa mkate nikaondoka. Maziwa niliyasahau.

Sasa sikilizeni, wapendwa, na kama unasoma huku unakula, meza kwanza. Neno la leo si la kutia moyo. Yule fulani ambaye hapiti dukani anapita wapi? Ninajua anapopita. Anazungukia minazini nyuma ya shule, njia ndefu, jua kali, ili asionekane. Mtu aliyejazwa Roho Mtakatifu Jumapili saa sita, Jumatatu saa moja anatembea kichakani kumkwepa mwanamke mzee anayemdai shilingi 840. Tunaimba kwamba tumewekwa huru. Huru gani hiyo ya kutembea kwa kunyata kijijini kwako?

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu tangu Jumatatu nimezunguka nikiyasikia. Acheni niyajibu.

La kwanza ni hili: "Pasta, ni msimu." Nalikubali nusu. Mimi si mgeni hapa. Najua Pasaka ikishapita watalii wanapungua, hoteli za Diani zinarudisha watu nyumbani, na mtu aliyekuwa anabeba sinia Januari unamkuta Mei anachimba mchanga. Mwenye boda boda anangoja abiria mpaka tairi linapauka. Kusi ikivuma wavuvi hawatoki. Mtu wa namna hiyo akikosa, amekosa kweli, na sina jiwe la kumtupia. Lakini nilipolitazama lile daftari vizuri niliona jambo. Watu wawili walioachishwa kazi hotelini mwezi mmoja, wote wana deni. Mmoja wao ana alama ndogo ndogo za kalamu nyekundu kando ya jina lake: 50, 100, 30, 50. Kila wiki amepita akaacha kitu. Mwingine hana alama hata moja. Umaskini wao ni mmoja. Yule wa alama nyekundu anakula ugali wake kwa amani, na huyu mwingine ndiye niliyemwona juzi na simu mpya.

Kukosa si dhambi. Kujificha ndiyo dhambi. Zaburi 37:21 inamtaja mtu anayekopa asirudishe, na inampa jina ambalo hakuna kati yetu angependa kuitwa mbele ya kanisa. Fungua usome mwenyewe.

Na kwa nini huyo mama ndiye analipwa mwisho? Nimelifikiria sana jambo hili. Ukitumia Fuliza, shilingi ya kwanza inayoingia kwenye M-Pesa yako inakatwa hapo hapo, hata kama ni ya dawa. Kwa hiyo Fuliza mnalipa, tena bila mahubiri. Chama mnalipa, kwa sababu akina mama wa chama watakuja nyumbani na kubeba redio. Stima mnalipa, kwa sababu tokeni zikiisha ni giza. Wote wasio na huruma mnawalipa kwa wakati. Aliyewahurumia ndiye anayengoja mwaka. Mmeichukua huruma ya mtu mkaigeuza kuwa adhabu yake.

Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli, ni nani aliyewalisha? Kanisa nalo lilikuwa limefungwa. Mimi nilikuwa nahubiri kwa simu, nawaambia Mungu ni Yehova Yire, nanyi mnaandika amina. Vizuri. Lakini unga ulitoka kwenye daftari. Yehova Yire alipita kwa mama mmoja wa Kidigo aliyevaa leso, aliyewakatia sukari robo robo bila kujua kama atalipwa. Halafu leo mtu anatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyomvusha kipindi kile, machozi yanamtoka, na mkono ambao Bwana aliutumia kumvusha anaukwepa minazini.

Jibu la pili linaniuma zaidi, kwa sababu limetoka kwenye madhabahu. "Pasta, nilikuwa na 500, nikaipanda mbegu, namngoja Bwana afungue mlango nilipe yote." Hili hamkulibuni ninyi. Mmefundishwa. Mmelisikia kwenye mikutano, kwenye redio, kwenye simu usiku wa manane, na huenda mmelisikia kwangu siku ambayo sikuwa makini na maneno yangu. Basi leo nalikana. Ile 500 haikuwa yako ya kupanda. Ilikuwa ya duka. Huwezi kupanda mbegu ya shamba la jirani kisha ukangoja mavuno yaje ghalani kwako.

Hao wanaowauzia mafuta ya upako, waulizeni mafuta ya Elisha yalikwenda wapi. 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anakuja analia. Mumewe alikuwa mcha Mungu, tena mtu wa huduma, na amekufa na deni. Mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nyumbani hana kitu ila chupa ya mafuta. Nabii hamwambii atoe ile chupa madhabahuni kama hatua ya imani. Anamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, vingi, afunge mlango, amimine. Mafuta yanatoka mpaka vyombo vinakwisha. Mnajua sisi tungefanya nini hapo? Tungefanya mkutano wa siku tatu. Tungeyatia kwenye vichupa na picha ya mtumishi. Mama yule anarudi kwa Elisha kuuliza afanye nini, na jibu ni la kawaida kabisa: auze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki.

Angalia mpangilio. Deni kwanza. Chakula cha watoto baadaye. Na nabii mwenyewe katika hesabu ile hatajwi, hana fungu lake. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi kwa miaka yangu ya utumishi, kila mara nikikazia vyombo, vyombo, azima vyombo vingi, panua imani yako! Msitari wa saba nilikuwa naupita mbio kama gari la Lunga Lunga linavyopita kituo kisicho na abiria.

Geuza kurasa chache, sura ya 6. Mwana wa manabii anakata mti kando ya Yordani, shoka linachomoka, linazama. Kilio chake si kwamba shoka limepotea. Kilio chake ni kwamba lilikuwa la kuazima. Na Mungu wa mbinguni akafanya chuma kielee juu ya maji ili kijana mmoja aweze kurudisha shoka la watu. Jamani! Sisi tunaomba miujiza ya visa, ya ndoa, ya kiwanja Ukunda. Ni nani kati yetu amewahi kufunga na kuomba ili arudishe kitu cha mtu?

Jibu la tatu linasemwa kwa sauti ya chini, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja Jumapili. Ndugu mmoja aliniambia, huku anatabasamu, "Lakini pasta, yule si mwokovu." Mwingine akanitajia Mithali 13:22, akamaanisha kwamba sukari ya mama wa duka ni urithi wake katika Bwana. Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Ndugu yangu, unakaa Kinondo. Wenyeji wa hapa walikuwa Waislamu kabla babu yako hajasikia jina la Diani. Wengi wetu tulikuja kutafuta kazi, kutoka Ukambani, kutoka Nyanza, kutoka bara, tukapewa mahali pa kujenga na pa kuabudu. Mtu wa hapa hatasoma Biblia yako. Atakusoma wewe, na atakusomea kwenye daftari lake. Umewahi kuhudhuria maziko ya jirani zetu? Kabla hawajazika, mtu wa familia husimama mbele ya watu wote akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, wao watalipa. Kwa msiba, na maiti iko mbele yao. Sisi tunazika kwa kwaya, maua na fulana zenye picha ya marehemu, na wadai wamekaa nyuma wameshika kidevu.

Hata pale Kaya Kinondo. Ninyi mnajua msimamo wangu kuhusu mambo ya kaya, sijabadilika, sitaki mtu anipelekee maneno. Lakini mgeni yeyote anayetembezwa mle, hata awe ametoka Ujerumani na kamera ya bei gani, anafungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuambiwa asitoke na kitu, wala kijiti. Na msitu ule wa hekta 30 hivi bado umesimama, hata UNESCO mwaka 2008 wakauandika pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia. Watu wasiomjua Kristo wameweza kulinda kijiti kisicho chao kwa miaka mamia. Wewe uliyejazwa Roho umeshindwa na pakiti ya unga.

Mtaniambia nimeingiza sheria katika neema. Ngoja. Twende nyumbani kwetu Wapentekoste, tusiende mbali. Mwaka 1906, Los Angeles, mtaa wa Azusa, nambari 312. William Seymour, mtu mweusi, mwana wa watu waliokuwa watumwa, jicho moja halioni, anaongoza mikutano katika jengo lililowahi kutumika kama zizi. Kila kanisa la Kipentekoste lina chembe ya moto ule. Tunakumbuka ndimi. Tunakumbuka kuanguka. Lakini katika maelezo ya imani waliyoyachapa mwaka ule ule, mlikuwa na kipengele cha kurejesha haki za watu. Walifundisha kwamba kosa kati ya mtu na mtu, ambalo mtu anaweza kulirekebisha, damu ya Yesu haiji kulifuta badala yake, aende alirekebishe. Na lile asiloweza kabisa kulirekebisha, damu inalifunika kwa neema. Wakaweka hapo andiko la Mathayo 5:23-24. Mnaona walivyotenganisha? Asiyeweza, neema. Anayeweza na hataki, aondoke madhabahuni kwanza.

Na huku kwetu Afrika Mashariki. Uamsho ulioanza Uganda na Rwanda, wakati Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe mwaka 1929 wakaomba pamoja, kisha ukawaka Gahini na kuingia Kenya mwaka 1937 kupitia Kabete. Wengi wao walikuwa Waanglikana, hawakuwa na spika wala kinanda cha umeme. Tunawakumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Watu wa wakati ule waliwakumbuka kwa jambo jingine: mtu akiokoka alikuwa anagonga mlango wa mtu aliyemwibia, amebeba kile alichoiba. Walirudisha vitu, walilipa madeni, waliungana na watu waliokuwa hawasalimiani. Hata wasioamini walishtuka. Hakuna jirani anayeshtuka siku hizi akisikia mtu ameokoka, anachofanya ni kuficha daftari.

Mathayo 5 tumelifanya andiko la kusuluhisha wanakwaya waliogombana. Lisomeni tena polepole. Yesu anamsema mtu ambaye tayari yuko madhabahuni na sadaka mkononi. Anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Haambiwi atoe haraka kisha aende. Anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza, ndipo arudi. Sadaka inaweza kungoja. Mungu hana njaa. Mama wa duka ndiye anayetakiwa kumlipa mwenye lori la unga kila Alhamisi.

Mzee mmoja wa kanisa, ninayempenda na kumheshimu, nilipomweleza nitakayosema alikuna kichwa akasema: "Pasta, maneno haya ni kweli, lakini sadaka itashuka." Ishuke, mzee wangu. Sadaka iliyokuwa inapandishwa na pesa za duka haikuwa sadaka, tulikuwa tunapokea mali ya mtu aliye nje ya kanisa, ambaye hakuulizwa. Marko 7 inaeleza Yesu alivyowakemea watu waliosema kitu hiki ni Korbani, ni cha Mungu, ili wasiwape wazazi wao haki yao. Sisi Korbani yetu tunaitia ndani ya bahasha na kuandika juu yake kwa herufi kubwa.

Na sasa niingie mimi mwenyewe, kwa sababu najua kuna anayesoma akisema, na wewe je?

Na mimi nilikuwemo. Desemba, kabla ya kesha la mwaka mpya, fundi mmoja alitutengenezea nyaya na mashine ya sauti ya kanisa. Alifanya kazi hadi saa nne usiku. Tulikubaliana 6,500. Nikampa 2,000, nikamshika mkono, nikamwambia Mungu atakubariki, utaona mwaka huu. Kila aliponipigia nilimwambia hivyo hivyo. Mwezi wa tatu akaacha kupiga. Na mimi, mchungaji wenu, nikahesabu kwamba amesamehe. Kumbe nilikuwa nimemwandika Mungu kuwa mdhamini wangu bila kumuuliza, na fundi alikuwa na watoto wanaokula. Jumapili mlipokuwa mnalia mbele za Bwana, sauti mliyokuwa mnaisikia ilikuwa inapita kwenye nyaya ambazo hazijalipwa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Huenda zilikuwa zinafika kabla ya nyimbo zetu.

Jumanne nilimtumia zile 4,500 pamoja na 500 ya kumwomba radhi. Akajibu, "Asante pasta, nilikuwa nishasahau." Najua hakuwa amesahau.

Sijaimaliza orodha. Kuna mama miongoni mwetu ambaye dada wa kazi anamlelea watoto tangu alfajiri, na mshahara wake umelala miezi miwili, na Jumapili huyo dada anaachwa nyumbani na mtoto mchanga ili mwajiri wake aje kuinua mikono. Kuna ndugu aliyepalilisha shamba la mihogo, na vibarua wanne bado wanamzungushwa. Kuna wa nyumba ya kupanga aliyehama usiku. Walawi 19:13 haimpi kibarua hata usiku mmoja wa kungoja. Wahusika mnajijua, na mimi nitapita nyumba kwa nyumba, kwa upole, bila kipaza sauti.

Kwa wadai walio kanisani pia nina neno fupi, maana kuna waumini wanaokopesha waumini kwa riba ya kuumiza na kushikilia kitambulisho cha mtu. Someni Nehemia 5 kabla hamjafurahia ujumbe huu.

Amosi 5, kuanzia mstari wa 21, Mungu anawaambia watu waondoe kelele za nyimbo zao, hataki kusikia vinanda vyao, anataka haki itiririke kama maji. Hakuwa anawaambia wapagani. Aliwaambia watu wenye kwaya nzuri. Wapendwa, naogopa. Naogopa kwamba Jumapili ile tuliyolia, yule mama dukani ndiye aliyetusikia zaidi kuliko Mbinguni.

Basi tutafanya hivi. Nimekaa na mashemasi jana jioni, tukabishana hadi saa tatu usiku, na tumekubaliana. Pesa tulizokuwa tumechanga kwa ajili ya spika mpya, shilingi 18,400, hazitanunua spika. Zitakwenda kwanza kwa madeni ya chakula ya wajane wetu na ya wale walioachishwa kazi, ambao kweli hawana. Spika tulizo nazo zinafika hadi dukani, mmesikia wenyewe. Mwenye shida ya namna hiyo aje kwangu au kwa mama mchungaji, jina lake halitasomwa popote.

Wengine wote, mnaoweza, nendeni. Kama unaweza yote, lipa yote. Kama unaweza 50, peleka 50, na sura yako. Mwambie mama, shikamoo, nilikuwa nakukwepa, nisamehe. Hilo la mwisho ni gumu kuliko pesa, nalijua, nimelifanya Jumanne. Usipeleke trakti. Usimhubirie. Usimwambie ni pasta amekutuma. Lipa, omba radhi, nunua sabuni yako kwa taslimu, nenda nyumbani.

Na tafadhali, usiandike "Amina, napokea" hapa chini. Sikutuma baraka, nimetuma deni. Wala msitajane majina, nitafuta.

Jumapili hii ibada haitaanza saa tatu. Itaanza saa nne. Saa ile moja iliyobaki katikati maduka yote yako wazi. Anayetaka kwenda na anaona aibu kwenda peke yake, nitakuwa nje ya geti la kanisa na pikipiki kuanzia saa mbili, tutakwenda pamoja, nitasimama mbali.